Mashindano ya vishale Malindi: tucheze kwa seti kama London, au legi tupu?

Kishale_Mld

Assalaam aleikum wenyewe, na wengine hamjambo.

Tunaandaa mashindano ya vishale hapa Malindi, Jumamosi na Jumapili. Walioandikisha ni 24, mbao tunazo mbili, na ukumbi tumepewa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kwa siku zote mbili. Tangu Mkenya mwenzetu David Munyua amtoe Mbelgiji Mike De Decker seti 3-2 kwenye mashindano ya dunia, hali alikuwa nyuma seti 2-0, kila mtu hapa ni bingwa wa kanuni. Nusu ya kamati yataka seti na mtoano tangu mechi ya kwanza, "kama Alexandra Palace", ule ukumbi wa London wa mashindano ya dunia. Nusu yataka legi na makundi.

Nataka kujua hizo seti zina faida gani hasa, maana nimeona mara nyingi mwenye wastani mkubwa ndiye anayefungasha. Pili, 24 kwenye mtoano inakaaje? Na mwenye vipimo sahihi vya kutundika ubao aviweke, tumechoka kubishana.

Mhesabu_wa_Zamu

Waaleikum salaam. Nianze na seti, kwa sababu ndipo ugomvi ulipo.

Kila legi, yaani mchezo mmoja, inaanza na 501 zinazopunguzwa hadi sifuri, na inafungwa kwa dabo, yaani duara jembamba la nje linalozidisha namba mara mbili. Seti ni legi tano kwa wingi wake: atakayetangulia kushinda tatu ndiye mwenye seti. Legi ulizoshinda ndani ya seti uliyopoteza hazikufuati kokote, zinakufa pale pale. Sasa chukua mechi ya anayetangulia seti 3, ambayo ndiyo ya raundi ya kwanza pale London. Mshindi akichukua seti zake tatu kwa 3-2 kila moja, na kupoteza mbili kwa 3-0, ana legi 9. Aliyeshindwa ana legi 12. Amefunga mara 12 dhidi ya 9 na anarudi nyumbani. Basi usishangae wastani kutomsaidia mtu. Wastani ni alama kwa kila vishale vitatu katika mechi nzima, na kanuni haihesabu mechi nzima, inahesabu seti.

Faida yake ni kwamba aliyezidiwa huwa hajamalizwa. Ukipigwa 3-0, seti ya pili inaanza sifuri kwa sifuri. Bila hilo Munyua asingepata nafasi ya kurudi.

Jambo la pili ni nani anaanza kurusha. Wachezaji hurusha kishale kimoja kimoja kwenye jicho, yaani kitovu cha ubao, aliye karibu zaidi ndiye anayeanza legi ya kwanza. Baada ya hapo wanapokezana legi kwa legi, na kila seti mpya inaanzwa na yule ambaye hakuianza iliyotangulia. Anayeanza ana zamu moja (vishale vitatu) ya ziada, kwa hiyo katika seti ya legi tano yeye anaanza ya 1, ya 3 na ya 5. Mwenzake hawezi kuichukua seti bila kumpokonya walau legi moja aliyoianza yeye. Mwandishi wa alama aandike jina la aliyeanza juu ya kila legi. Hili likisahaulika, ugomvi wake hauna suluhisho.

Sasa hesabu ya muda, na hapa ndipo seti zinawakimbia nyinyi. Mtu wa kawaida anamaliza legi kwa vishale 24 hadi 30. Kuhesabu, kuandika na kuchomoa vishale pamoja, legi moja ni kama dakika saba na nusu. Mkicheza anayetangulia seti 2, mechi ni legi 6 kwa uchache na 15 kwa wingi. Tuseme 10, yaani dakika 75. Mtoano wowote una mechi sawa na washiriki ukitoa mmoja: 24 ni mechi 23. Mara 75 ni dakika 1,725, gawa kwa mbao mbili, mmevuka saa 14. Na saa mlizonazo ni 14 kamili, bila Adhuhuri, bila Alasiri, bila chakula.

Kuhusu 24 yenyewe: mtoano unataka 8, 16, 32, 64. Mashindano ya dunia sasa ni watu 128, inashuka vizuri mpaka fainali. Nyinyi mtachora jedwali la 32, wanane wapite raundi ya kwanza bila kucheza, 16 wacheze mechi 8. Inawezekana, lakini mtu atoke Lamu kwa basi, acheze mechi moja, atolewe? Mimi sipendi.

Fanyeni hivi. Makundi 8 ya watu watatu, mechi ya anayetangulia legi 3. Kila kundi ni mechi 3, jumla 24. Kwa nusu saa kila moja ni saa 6 kwa mbao mbili, kila ubao makundi manne, na mnabakiwa na saa nzima ya swala na wali. Asiyecheza ndiye anayeandika. Wawili wa juu wanavuka, Jumapili mna 16 safi: legi 3 kwenye hiyo raundi, legi 4 kwenye robo na nusu, legi 5 fainali. Ni kama saa tano na robo.

Mtego wa kundi la watatu ni mechi ya mwisho kukosa maana. Mpangilio ni huu: A na B wanaanza, aliyeshindwa anacheza na C, kisha aliyeshinda anacheza na C. Wakifungana wote ushindi mmoja mmoja, tazameni tofauti ya legi. Ikilingana hiyo nayo, kila mmoja arushe vishale tisa, mwenye jumla ndogo atoke. Liandikwe hili ukutani kabla ya kuanza.

Pwani180

Legi tupu si mashindano ya watoto, kabla hamjaanza kudharau. Mashindano ya World Matchplay ya Blackpool, Uingereza, kila Julai, watu 32, haina seti hata moja. Raundi ya kwanza ni anayetangulia legi 10, fainali 18, na kwa kawaida lazima umzidi mwenzako kwa mbili. Premier League ya vishale nayo ni legi: watu wanane, kila usiku wanacheza mtoano wa legi 6, mshindi wa usiku anapata pointi 5, wa pili 3, walioishia nusu fainali 2 kila mmoja. Baada ya usiku 16, wanne wa juu ndio wanaokwenda kumalizana.

Mimi ningeongeza jambo moja tu: fainali chezeni kwa seti. Anayetangulia seti 2. Watu wamekaa siku mbili, wapeni kitu.

Mhesabu_wa_Zamu

Fainali pekee, sawa, ikiwa saa tisa hamjachelewa. Lakini mchezaji aambiwe Jumamosi, asiambiwe akiwa ameshasimama kwenye mstari. Na asije mtu na wazo la mashindano ya World Grand Prix la kuanza kila legi kwa dabo, yaani alama hazihesabiwi mpaka upate dabo. Kwa mchezaji wa kawaida zamu nne za mwanzo zinaweza kupita ubao bado una 501.

Fundi_wa_Ubao

Vipimo. Katikati ya jicho hadi sakafuni ni sentimita 173. Kutoka uso wa ubao hadi nyuma ya mstari, yaani ule upande mguu unapogusa, ni sentimita 237. Kosa linalorudiwa kila ukumbi ni kupima 237 kutoka ukutani. Ubao wenyewe una unene wa karibu sentimita 4, na kishikizo au mbao ya nyuma inaongeza. Ukipima ukutani umewasogeza watu karibu kwa kiasi hicho chote. Ning'iniza uzi wenye uzito kutoka kwenye uso wa ubao, weka alama sakafuni, anzia hapo. Halafu hakiki kwa mshazari: kutoka katikati ya jicho hadi mstarini lazima upate sentimita 293. Ukipata 173 na 237 lakini mshazari umekataa, sakafu imelala upande mmoja, na kumbi zetu za zamani nyingi ziko hivyo. Rekebisha kwa kusimamia jukwaa dogo, usirekebishe kwa kushusha ubao.

Mstari usiwe wa chaki wala utepe. Weka kibao cha urefu wa sentimita 61 na kimo cha karibu 4, kipigiliwe. Kwenye utepe kila mtu anaibia inchi moja na mwamuzi hana la kusema.

20 iwe juu kabisa, kwenye kipande cheusi. Ubao ni nyuzi za katani zilizosimamishwa na kubanwa kwa pete ya chuma, ndiyo maana tundu linajifunga kishale kikitoka. Lakini katani inakunywa unyevu, na Malindi unyevu si haba. Ukiutundika ubao dirisha la baharini kwa mwezi, unavimba katikati, waya zinalegea, vishale vinaanza kuruka. Wapo wanaomwagia ubao maji eti kuziba matundu: ni njia ya haraka ya kuuharibu. Uhifadhini ndani, pakavu, mtundike Ijumaa. Na kila baada ya makundi mawili vueni pete ya namba, zungusheni ubao vipande viwili ili mweusi urudi chini ya 20, mrudishe pete. Bila hivyo tripo 20, yaani duara jembamba la ndani linalozidisha 20 mara tatu, itakuwa imekwisha kabla ya Jumapili.

Taa: moja nyuma ya mchezaji haifai, kichwa chake kinatupa kivuli kwenye ubao. Wekeni mbili, kushoto na kulia, juu na mbele ya ubao, mpaka kishale kisiwe na kivuli kirefu. Feni iliyo juu ya njia ya vishale izimwe; kishale cha gramu 22 hakivumilii. Madirisha ya upande wa upepo yafungwe, hata watu wakilalamika joto. Stima ikikatika katikati ya zamu, vilivyokwisha ingia vinahesabiwa na anamalizia vilivyobaki taa ikirudi.

Hewa ya chumvi inashika kutu kwenye ncha, hata kama mwili wa kishale ni tungsten. Ncha yenye kutu inang'oa nyuzi kila inapochomolewa. Isuguliwe kwa jiwe hadi iwe laini, lakini isichongwe kama sindano. Ncha kali mno inakata katani na inajipinda ikigonga waya.

Kishale_Mld

Shukran sana. Tulikuwa tumepima ukutani, kesho tunapima upya. Swali la mwisho: mwandishi wetu ni kijana mwepesi wa hesabu lakini hajui kanuni za kufunga. Aambiwe nini? Na zawadi, kiingilio ni shilingi 500, tunafikiria kugawa yote.

Mhesabu_wa_Zamu

Aambiwe haya. Kishale kinahesabiwa ikiwa ncha yake inagusa ubao wakati mchezaji anapokwenda kuchomoa. Kilichoanguka ni sifuri, kilichojichoma kwenye mkia wa mwenzake ni sifuri. Hakuna anayegusa kishale kabla alama haijatajwa. Waya ikileta utata, angalia ncha imeingia upande gani, usiangalie mwili umelalia wapi.

Kufunga ni dabo, au jicho la ndani ambalo ni 50 na linahesabika kama dabo ya 25. Ukipitiliza, au ukibakiwa na 1, zamu imekufa na unarudi kwenye alama ulizoanza nazo zamu hiyo. Mfano: una 32, unarusha dabo 16, unapata 16 ya kawaida, sasa una 16. Cha pili kinaingia 19. Umepitiliza, umerudi 32, cha tatu hukirushi. Hapo ndipo waandishi wageni wanapokosea: wanakuacha kwenye 16.

Mchezaji akimuuliza "nimebakiwa na ngapi?", anajibiwa. Akimuuliza "nipige wapi?", anyamaziwe. Hata mwamuzi wa London hamwambii mtu dabo yake.

Kubwa zaidi unayoweza kufunga kwa vishale vitatu ni 170: tripo 20 mbili na jicho. Chini yake kuna namba saba zisizofungika kwa zamu moja: 169, 168, 166, 165, 163, 162 na 159. Azibandike mezani, zitamwepushia kelele za watazamaji. Na mtaona wajuzi wanajitahidi kubakiwa na 32. Ukikosa dabo 16 ukaingia 16 ya kawaida, una dabo 8. Ukikosa tena, dabo 4, kisha 2, kisha 1. Wenye 40 wakikosa mara mbili wanaangukia 10, kisha 5, na ile 5 inawalazimu wapoteze kishale kutafuta namba shufwa.

Pwani180

Kuhusu pesa: kiingilio cha wachezaji kikirudi kwa washindi, hapa kwetu wengi wataliita jambo hilo kamari, na baadhi ya wachezaji wenu watajitoa kimya kimya. Zile 12,000 zilipe ukumbi, taa na chakula cha waandishi. Zawadi iombeni kwa mdhamini, hata ikiwa ni ubao mpya na seti mbili za vishale. Mkipata fedha, wekeni kidogo pembeni kwa aliyefunga alama kubwa zaidi, hata kama alitolewa kwenye makundi. Hiyo inawaweka watu ukumbini Jumapili.

Fundi_wa_Ubao

Na mkitundika, ukuta wa nyuma uwe na zulia au ubao laini wa mita moja kila upande. Kuta za matumbawe zinavunja ncha kwa kishale kimoja tu kilichopotea.