Kwotabeki aliyevuma chuoni akaishia kuhangaika ligi ndogo: ni uzembe wake au chuo kina deni naye?

Wakuu salaam. Hii mada imenikaa rohoni tangu wiki iliyopita, tulikuwa kwa shemeji yangu hapa Houston tunaangalia moja ya hizi ligi ndogo za futiboli ya Kimarekani, sasa kuna dogo kwotabeki ambaye miaka michache nyuma chuoni uwanja mzima ulikuwa unaimba jina lake, akarusha pasi wapinzani wakaidaka, akarusha nyingine nayo wakaidaka, sebule nzima ikaangua kicheko. Shemeji akasema huyu kaisha, si akatafute kazi kama wenzie. Mie sikucheka, tukabishana mpaka mechi ikaisha na hatukuelewana, ndio nauleta mjadala huku.

Swali langu: mtu akivuma chuoni halafu akaenda kuteseka kwenye ligi za pembeni, kosa ni lake peke yake, au kuna watu waliovuna kwake wanaotakiwa kubeba sehemu ya mzigo?

Kwa wasioufuata huu mchezo, kwotabeki ndio yule anayepokea mpira kila timu ikianza kushambulia, yeye ndio anaamua aurushe, aukabidhi kwa mwenzie au akimbie nao. Timu ikishinda anabebwa yeye, ikifungwa anatukanwa yeye.

Tumchukue Johnny Manziel maana habari zake ziko wazi. 2012 akiwa Texas A&M, msimu wake wa kwanza kabisa kucheza, Novemba wakaenda Alabama iliyokuwa namba moja nchini wakaipiga kwao 29 kwa 24, na mwezi uliofuata akapewa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo nchi nzima, mchezaji wa mwaka wa kwanza hajawahi kuipata kabla yake. Chuo mwaka ule wa fedha kikachangiwa dola milioni 740, rekodi kwao, halafu wakaupanua uwanja wao wa Kyle Field mpaka unaingiza watu zaidi ya laki moja. Sisemi hela yote ile ililetwa na dogo mmoja, lakini muulize mtu yeyote wa Texas mwaka ule alikuwa anazungumziwa nani.

Yeye alipata nini? Skolashipu na chakula. Agosti 2013 zikaja tuhuma kwamba amelipwa kusaini picha na mipira, NCAA ambao ndio wasimamizi wa michezo ya vyuo wakamchunguza, akafungiwa nusu ya mechi moja, dhidi ya chuo cha Rice. Na mwezi huohuo mchambuzi Jay Bilas akawaonyesha watu kwamba ukiandika jina la Manziel kwenye duka la mtandaoni la NCAA wenyewe inakuletea jezi namba 2 ya Texas A&M. Namba yake! Yaani yeye kuuza sahihi yake ni kosa, wao kuuza jezi yake ni biashara. Waliacha kuziuza baada ya kuumbuliwa.

2014, timu za NFL, ile ligi kuu ya kulipwa, zilipokuwa zinachagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni, akachaguliwa wa 22 na Cleveland Browns, Machi 2016 wakamuacha. Hapa nisiwadanganye, jamaa alijiharibia kweli. Pombe, starehe, mazoezi anakosa, 2016 kesi ya kumshambulia aliyekuwa mpenzi wake, iliyofutwa 2017 baada ya kukubali masharti. Hilo la kesi silitetei hata kidogo. Baadaye alisema mwenyewe hadharani kwamba madaktari wamemkuta na maradhi ya akili ya bipola.

2018 akaenda Canada, Hamilton wakamsajili wakamuweka benchi, Julai wakampeleka Montreal, na mechi yake ya kwanza kuanza, Agosti 3, ikawa dhidi ya haohao Hamilton. Pasi nne zikadakwa, wakafungwa 50 kwa 11. Niliiangalia ile mechi. Kamera ilikuwa haimuachi, amekaa kwenye benchi taulo shingoni anaangalia chini, nikasema huyu ana miaka 25 tu. Na watu hawajui kwamba futiboli ya Canada si ileile, uwanja wao mpana na mrefu zaidi, wachezaji 12 badala ya 11, na unapewa majaribio matatu ya kusogeza mpira badala ya manne. Sisi kwenye soka mtu akishuka kiwango anaenda Championship anaukuta mpira uleule na sheria zilezile, huyu anaanza kujifunza upya mbele ya watu waliokuja kumuona anaanguka.

Februari 2019 ligi ya Canada ikamfukuza kwa kukiuka masharti ya mkataba. Machi akaingia Memphis Express kwenye ligi mpya ya AAF, na Aprili 2 ligi ikasimama ghafla, haikumaliza hata msimu mmoja, mwezi huohuo ikafungua mahakamani maombi ya kufilisika. Mikataba ya wachezaji kwenye karatasi ilikuwa dola laki mbili na nusu kwa miaka mitatu, lakini haikuwa na dhamana, ligi imekufa na wewe umebaki na karatasi.

Sasa huyo kwao walikuwa na utajiri wa biashara ya mafuta, hata akianguka ana pa kuangukia. Mimi ninayemuwaza ni yule ambaye kwao hawana kitu.

Hapa ghalani ninapofanya kazi shifti ya usiku kuna kijana alikuwa kwotabeki wa chuo kidogo, ligi moja ndogo ikamuita kambini, wiki mbili wakamkata. Saa ya kula sisi tunakaa na vyakula vyetu, yeye anatoka nje kwenye milango ya kupakilia, anabandika karatasi kwenye ubavu wa kontena, anarudi hatua kama thelathini anaanza kurusha. Mpira wenyewe umechubuka mpaka nembo haisomeki. Akimaliza anachota barafu kwenye mashine ya kantini, anaitia kwenye mfuko wa nailoni anajifunga bega la kulia, anarudi kupanga maboksi. Nikamuuliza mdogo wangu mbona hulipeleki hilo bega hospitali, akaniambia kaka, bega niliumia nikiwachezea chuo, nilipomaliza na matibabu yakaisha siku ileile. Sikuwa na la kumjibu.

NCAA tangu Agosti 2024 wameweka bima ya majeraha kwa miaka miwili baada ya mtu kumaliza kucheza. Afadhali. Ila huyu alimaliza kabla, na bega halijui miaka miwili.

--

Nimerudi, nimesoma mliyoandika, wacha nijibu mawili matatu.

Aliyesema "mbona Kurt Warner alitoboa": ni kweli kabisa, na mimi kati ya makwotabeki nampenda Warner kuliko wengi. 1994 hakuchaguliwa na timu yoyote, Green Bay wakamjaribu wakamuacha, akawa anapanga bidhaa kwenye rafu za supamaketi kule Iowa usiku, akacheza ligi ya ndani ya ukumbi na Iowa Barnstormers, 1998 akaenda Amsterdam, Januari 2000 akachukua Super Bowl, fainali ya NFL, na timu ya Rams kwa kurusha yadi 414. Lakini jiulize Amsterdam alicheza ligi ya nani? Ilikuwa ya NFL wenyewe, wanailipia wenyewe, wanawapeleka vijana kule wakapate dakika za kucheza. 2007 wakaifunga. Tangu hapo kijana anategemea ligi za matajiri, wawekezaji wakichoka zinakufa, ya 2019 nimeshaieleza, na XFL ya 2020 iliishia wiki ya tano korona ilipoingia. Mwamfananisha mtu aliyevuka kwa daraja na mtu anayeambiwa aogelee.

Aliyesema vyuo sasa vinalipa wachezaji kwa hiyo mada imepitwa na wakati: ndio, tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kuingiza hela kwa jina lao, na Juni 2025 jaji aliidhinisha makubaliano ya vyuo kuwalipa moja kwa moja, na dola bilioni 2.8 za fidia kwa waliopita. Ila hiyo fidia inaanzia waliocheza 2016. Manziel alicheza 2012 na 2013, hayumo. Waliouza jezi za watu hao bado wana viwanja vyao, lakini wenye jezi ndio wameambiwa mstari umewapita.

Na aliyeuliza "kwani walilazimishwa kucheza": hawakulazimishwa, ila NFL ina sheria kwamba huchaguliwi mpaka ipite miaka mitatu tangu darasa lako lilipomaliza sekondari. Miaka mitatu hiyo kijana ataenda wapi na fani hii kama si chuoni? Kwenye besiboli klabu kubwa inamsaini kijana katoka sekondari, inamlipa, inampeleka kwenye timu zake ndogo akakue. Futiboli wamevigeuza vyuo kuwa shamba la bure, wanakuja kuvuna tu, na kinachobaki shambani si chao.

Kwa hiyo shemeji akinisoma humu ajue msimamo wangu haujabadilika. Aliyekunywa akaharibu kazi abebe la kwake, hilo tumekubaliana tangu siku ile. Lakini bega lililoumia kwenye jezi ya chuo litibiwe na chuo hata ikipita miaka kumi, na NFL warudishe ligi ya kwao wanayoilipia wenyewe, hela wanazo. Anayepinga aseme hilo bega alipe nani.

Jana usiku kijana kaniambia kuna timu imemuomba video zake. Nikashika simu nikamrekodi palepale kwenye kontena, pasi kumi na mbili, tisa zimepiga karatasi. Kwenye ya kumi akashika bega, akasubiri kidogo, akaniambia kaka usizime.