Mjadala: Je, udumavu wa Iringa na Njombe utaondolewa kwa kuwaelimisha akina mama?

Mtoa mada

Utafiti wa Hali ya Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa (ni wafupi mno kwa umri wao), na kwamba mkoa unaoongoza ni Iringa kwa asilimia 56.9, ukifuatiwa na Njombe kwa 50.4 na Rukwa kwa 49.8, yaani mikoa ileile inayolisha nchi mahindi. Kila takwimu hizi zinaposomwa hadharani, husemwa kwamba akina mama hawajui kulisha watoto, hivyo waelimishwe. Nina shaka na hitimisho hilo.

Hudhurieni Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji katika mikoa hiyo. Mizani imening'inizwa kwenye kenchi, mtoto anavalishwa kaptula ya kupimia, kadi inajazwa, kisha mama anaulizwa makundi ya vyakula naye anayataja bila kigugumizi. Msimu wa kupanda ukifika, mama huyohuyo hutoka alfajiri na kurudi jioni, na mtoto wa miezi tisa, anayehitaji kulishwa mara tatu au nne kwa siku pamoja na kunyonya, anabaki na dada yake wa miaka saba na uji wa sembe uliopikwa asubuhi. Maziwa yameshauzwa, na fedha zake anazipanga baba, ambaye hakuna aliyemwita kwenye mafunzo.

Mwaka 1983 ulianzishwa Iringa mpango wa lishe katika vijiji 168, chini ya serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia. Watoto walipimwa, lakini matokeo yalipelekwa kwenye kamati ya kijiji, iliyotakiwa kujiuliza chanzo na kuchukua hatua, ikiwamo kuanzisha vituo vya kulishia watoto wakati wazazi wako shambani. Utapiamlo mkali ulipungua sana. Leo tumebaki na mizani na mhadhara.

Mchangiaji wa kwanza (muuguzi)

Nakubaliana nawe kuhusu muda, lakini umeidharau elimu kupita kiasi. Kliniki bado tunapokea watoto wa miezi mitatu wanaopewa maji na uji mwepesi kwa sababu eti maziwa ya mama hayawatoshi, na mara nyingi aliyeamua hivyo si mama bali mama mkwe, ambaye kauli yake nyumbani ina uzito kuliko yangu. Hapo kituo cha kulishia hakitasaidia kitu kama bibi hajaelimishwa. Isitoshe, kutia karanga zilizosagwa kwenye uji hakuhitaji kipato kikubwa. Kunahitaji mtu aliyeonyeshwa jikoni, si aliyesomewa bango.

Mchangiaji wa pili

Kwa nini tusiweke masharti? Mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) wa kunusuru kaya maskini unazitaka kaya zipeleke watoto wadogo kliniki na wakubwa shuleni. Basi anayepewa ruzuku ya lishe naye athibitishe kwamba mtoto wake anaongezeka uzito.

Mtoa mada

Muuguzi, hoja ya mama mkwe naipokea kwa mikono miwili, maana inathibitisha kwamba tumekuwa tukimfundisha mtu asiye na kauli. Kuhusu masharti siafiki: kwenda kliniki kwa kiasi fulani kuko ndani ya uwezo wa mama, lakini uzito wa mtoto hutegemea pia kuhara, maji ya kisima na mavuno, na kumkata mama ruzuku kwa mambo hayo ni kumwadhibu mtoto ambaye tayari amedhoofu.

Halmashauri zilishaagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Chukua kijiji chenye watoto 300: hizo ni shilingi 300,000. Hazitoshi kumlipa mtu mshahara, lakini zinanunua sufuria, karanga na maharage ya kuanzishia kituo kimoja katika miezi ya kupanda na kupalilia, mahindi yakichangwa na wazazi wenyewe. Ningependa wanaoandaa bajeti za halmashauri watueleze ni kwa nini, pale fedha hizo zinapopatikana, semina ipewe kipaumbele kuliko chungu hicho.