Msaada: Nginx mbele ya Tomcat, watumiaji wanarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia

Mwalo_Kirumba

Wakuu habari za leo. Naomba ushauri kuhusu mfumo wa kupokelea samaki na dagaa. Umeandikwa kwa Java, unakaa kwenye Tomcat 9 (seva inayoendesha programu za Java) juu ya Ubuntu 22.04. Seva iko ofisini Kirumba, nyuma ya ruta yenye IP ya umma isiyobadilika. Mawakala wako Nansio, Sengerema na Magu, wote wanatumia simu. Mpaka sasa wanaingia moja kwa moja kwa poti 8080. Nataka Nginx (seva ya wavuti inayopokea maombi na kuyapitisha kwa Tomcat) ikae mbele ishike HTTPS, Tomcat ibaki nyuma isionekane. Cheti cha HTTPS kutoka Let's Encrypt kimeshapatikana kwa programu ya certbot. Faili ni hili:

```
server {
    listen 443 ssl;
    server_name mwalo.example;
    # mistari ya cheti iliyowekwa na certbot
    location / {
        proxy_pass http://localhost:8080/mwalo/;
    }
}
```

Ukurasa wa kwanza unafunguka. Ukiweka nywila sahihi unarudishwa pale pale pa kuingilia. Kurasa za malipo zinampeleka mtu `https://localhost:8443` na hazifunguki. Picha za karatasi ya mizani hazipandi, inatokea 413 (faili kubwa mno). Ripoti ya mwezi inakatika kwa 504 (Nginx imesubiri jibu mpaka muda ukaisha). Halafu logi ya Tomcat inaonyesha watu wote wanatoka 127.0.0.1, yaani seva yenyewe. Nianzie wapi?

Jiwe_Kuu

Mkuu, kabla ya yote: kwenye `web.xml` (faili la mipangilio ya programu) kuna neno `CONFIDENTIAL`? Na viungo ndani ya kurasa vimeandikwa `/mwalo/...` au vimeandikwa bila hiyo?

Mwalo_Kirumba

`CONFIDENTIAL` ipo, kwenye kurasa za malipo tu. Viungo vingi havina `/mwalo`, vichache vinayo, na hivyo vichache vinaleta 404 (ukurasa haupo).

Fundi_Seva

Basi picha imekamilika. Ukiacha 413 na 504, yaliyobaki yana mzizi mmoja: Tomcat haioni anachokiona mtumiaji. Simu ya wakala inaona `https://mwalo.example/`. Tomcat inaona `http://localhost:8080/mwalo/`. Kila tofauti kati ya hizo anwani mbili imekuzalia tatizo lake.

Tuanze na kuingia. Tomcat inatoa kidakuzi (cookie) cha JSESSIONID, alama ya kumtambua aliyeingia, chenye `Path=/mwalo`, kwa sababu ndipo inapojua programu inakaa. Kivinjari kiko kwenye `/`, hivyo hakikirudishi hicho kidakuzi. Ombi linalofuata linafika halina utambulisho, mfumo unamwona mtu mgeni. Nywila haina kosa lolote. Vile viungo vyenye `/mwalo` navyo Nginx inaviongezea njia ile ile mara ya pili, vinafika Tomcat kama `/mwalo/mwalo/...`, ndiyo 404 unayoiona.

Kuna watakaokushauri `proxy_cookie_path /mwalo /;`. Inatibu kidakuzi, viungo vinabaki vimevunjika. Njia safi ni kuifanya njia iwe moja pande zote: ipe WAR (faili lenye programu yako nzima) jina `ROOT.war`, kwa herufi kubwa (`root.war` itakupa njia ya `/root`). Simamisha Tomcat, ondoa folda ya `ROOT` iliyokuja na Ubuntu ndani ya `/var/lib/tomcat9/webapps`, ondoa `mwalo.war` na folda yake, ndipo uweke `ROOT.war`. Ukiziacha zote mbili utakuwa na nakala mbili za mfumo zinazogombania hifadhidata moja. Na tafadhali, kabla hujafuta folda ya `mwalo`, angalia kama picha za mizani zinahifadhiwa humo ndani. Programu nyingi huandikwa hivyo, na ukifuta zinaondoka jumla. Zihamishie mahali nje ya `webapps`, kisha elekeza programu huko.

Faili la Nginx liwe hivi:

```
server {
    listen 443 ssl;
    server_name mwalo.example;
    # mistari ya cheti
    client_max_body_size 20m;

    proxy_set_header Host $host;
    proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
    proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;

    location / {
        proxy_pass http://127.0.0.1:8080;
    }
    location /ripoti/ {
        proxy_pass http://127.0.0.1:8080;
        proxy_read_timeout 300s;
    }
}
```

Mwisho wa `proxy_pass` hakuna mkwaju. Mistari ya `proxy_set_header` nimeiweka juu makusudi: ukiandika hata mmoja ndani ya `location`, ile yote ya juu haisomwi tena kwa `location` hiyo. Watu hupoteza siku nzima hapo.

Nimeandika 127.0.0.1 badala ya `localhost` kwa sababu `localhost` huweza kutafsiriwa pia kuwa `::1` (anwani ya IPv6). Tomcat ikiwa inasikiliza IPv4 peke yake, logi itajaa "Connection refused" ambazo huelewi zinatoka wapi.

Upande wa Tomcat, fungua `/etc/tomcat9/server.xml`:

```
<Connector port="8080" address="127.0.0.1"
           protocol="HTTP/1.1" connectionTimeout="20000" />
```

Na ndani ya `<Host>`:

```
<Valve className="org.apache.catalina.valves.RemoteIpValve"
       remoteIpHeader="X-Forwarded-For"
       protocolHeader="X-Forwarded-Proto" />
```

Hii ndiyo inayomaliza suala la 8443. `CONFIDENTIAL` inadai muunganisho salama. Tomcat inaona HTTP tupu kutoka Nginx, inamtupa mtu kwenye `redirectPort` (poti ya HTTPS, hapa 8443), na kwa kuwa heda ya Host (jina la tovuti aliloomba mtumiaji) haikupitishwa, inataja `localhost`. Valve ikisoma X-Forwarded-Proto inajua mtumiaji alishakuja kwa HTTPS. Ili logi nayo ionyeshe IP halisi, ongeza `requestAttributesEnabled="true"` kwenye AccessLogValve; bila hiyo programu itaijua IP sahihi lakini logi itaendelea kuandika 127.0.0.1.

Ziwa_Linux

Mimi ningetumia Apache na AJP (itifaki ya kuunganisha seva ya wavuti na Tomcat) poti 8009. AJP hubeba IP na HTTPS yenyewe, huhitaji hizo heda zote.

Jiwe_Kuu

Ni kweli AJP hubeba hizo taarifa, ila Nginx ya kawaida haiongei AJP, angelazimika kubadilisha kila kitu. Pia kumbuka tundu la usalama la Ghostcat la mwaka 2020, CVE-2020-1938: poti ya AJP ikiwa wazi, mtu wa nje anaweza kusoma mafaili ya programu, pamoja na yenye nywila za hifadhidata. Kwa Tomcat 9 lilizibwa toleo 9.0.31. Kama huitumii AJP, izime. Hakikisha hivi:

`sudo ss -ltnp | grep -E '8080|8009'`

Unatakiwa uone 127.0.0.1:8080 (au `[::ffff:127.0.0.1]:8080`) na 8009 isiwepo. Kwenye ruta nako ondoa njia ya 8080, acha 80 na 443. Usifunge 80, certbot kwa kawaida huitumia kuhuisha cheti, na cheti kinadumu siku 90. Jaribu kwa `sudo certbot renew --dry-run`.

Mwalo_Kirumba

Shukrani sana wakuu. Kuingia sasa kunakubali, 8443 imeisha, IP zinaonekana. Picha ndogo zinapanda, kubwa zinaleta kosa 500. Halafu kuna aliyeniambia nizime `proxy_buffering` ili simu za Ukerewe zipate kurasa haraka. Ni sahihi?

Fundi_Seva

Hiyo 500 sasa inatoka kwenye programu. Kikomo cha Nginx, ambacho bila kuguswa ni 1m, umeshakivuka. Kilichobaki ni `max-file-size` ndani ya `multipart-config`. Kama ni Spring Boot, ni `spring.servlet.multipart.max-file-size`, nayo huanza na 1MB. Picha ya simu ya siku hizi inaizidi hiyo kirahisi.

`proxy_buffering` usiizime. Kwa mawakala wa visiwani ndiyo faida kubwa kuliko zote za kuweka Nginx. Ikiwa imewashwa, Nginx inapokea jibu lote kutoka Tomcat kwa kasi, inaiachia uzi wake (thread, unaohudumia ombi moja kwa wakati), kisha inamlisha mwenye mtandao dhaifu taratibu. Ukiizima, uzi wa Tomcat unakaa umeshikwa muda wote ambao simu ya Ukara inavuta ukurasa. Tomcat ina nyuzi 200 tu usipobadilisha, na asubuhi mitumbwi ikifika kwa pamoja zinaweza kuisha. Wanachohitaji hao ni `gzip on;` pamoja na `gzip_types` za CSS, JavaScript na JSON, kwa kuwa `gzip` peke yake hubana `text/html` tu. Bando lao litadumu zaidi.

Kuhusu ripoti, sekunde 300 ni ya kuvukia tu. 504 ikitokea, Tomcat kwa kawaida inaendelea kufanya kazi nyuma, na mtu akibonyeza tena unakuwa na hoja (query) mbili nzito kwenye hifadhidata. Angalia faharasa (index) za majedwali yako.

Jiwe_Kuu

Lingine, mawakala wamehifadhi anwani ya zamani yenye `:8080/mwalo` kwenye simu zao. Kwa wiki chache rudisha njia ya 8080 kwenye ruta na uiache Nginx iipokee kwenye IP ya ndani ya seva. Haitagongana na Tomcat iliyo kwenye 127.0.0.1:

```
server {
    listen 192.168.1.10:8080;
    return 301 https://mwalo.example/;
}
```

Weka IP yako hapo, kisha `sudo nginx -t && sudo systemctl reload nginx`. Ikikataa kwa "Address already in use", Tomcat bado inasikiliza kwenye anwani zote. Rudi kwenye `address` ya Connector.