Naomba ushauri: nataka kusoma uzamili kuhusu dini na jamii

Wakuu, heshima kwenu. Nina shahada ya kwanza ya sosholojia, naishi Temeke, na mwakani nataka kuanza uzamili. Ninachotaka kuchunguza ni misiba ya hapa Dar. Mtaani kwetu akifariki Mwislamu, majirani Wakristo wanachanga, wanachota maji, wanakaa matanga. Na Wakristo nao wapo wanaofanya arobaini. Alipofariki bibi yangu, padri na shehe walikaa chini ya turubai moja na hakuna aliyeshangaa. Tangu siku ile jambo hili halijanitoka.

Mwalimu mmoja kaniambia hiyo ni teolojia, niende chuo cha dini. Sikubaliani naye: siulizi Mungu anasema nini, nauliza watu wanaishije pamoja. Halafu kuna suala la takwimu, maana sensa yetu haijauliza dini tangu ile ya 1967, kwa hiyo nitategemea mahojiano na kuhudhuria misiba yenyewe.

Mliopita njia hii, nichukue masomo ya dini au anthropolojia? Na mfiwa unamwombaje ruhusa ya kumhoji bila kumwongezea uchungu? Hili la mwisho ndilo linaninyima usingizi.