Civilization VII: ni haki mchezaji kulazimishwa kubadili taifa katikati ya mchezo?

Mleta mada:
Wakuu, Civilization VII, mchezo wa kompyuta wa kujenga na kuongoza taifa kwa zamu, ilitoka rasmi tarehe 11 Februari 2025, zaidi ya miaka minane baada ya ile ya sita, na ubishi wote umeangukia jambo moja. Tangu toleo la kwanza la mwaka 1991, ukianza na Warumi unamaliza na Warumi. Sasa Firaxis, watengenezaji wake, wameukata mchezo mapande matatu: Enzi ya Kale, Enzi ya Uvumbuzi na Enzi ya Kisasa. Kwa toleo lililotoka siku hiyo, kila enzi ikifungwa kiongozi wako anabaki, lakini taifa unachagua jipya.

Msimamo wangu ni kwamba wamefanya sawa. Ugonjwa wa siku nyingi wa mfululizo huu ni nusu ya pili ya mchezo. Aliyetangulia mapema alikuwa hafikiwi tena, zamu zilizobaki ni kubonyeza tu mpaka ushindi ufike. Halafu taifa ambalo kikosi chake maalumu ni cha karne ya 20 lilicheza karibu mchezo mzima bila kukiona. Sasa kila taifa lina vikosi na majengo yake ndani ya enzi yake, hakuna kipindi kikavu. Leteni hoja.

Mchangiaji wa 2:
Mkuu, ugonjwa umeutaja sawasawa, dawa ndiyo naikataa. Enzi inapofungwa vita vyote vinakatika, hata kama ulibakiza zamu mbili kuuteka mji mkuu wa adui. Majiji yako yanashushwa kuwa miji midogo, unabaki na mji mkuu peke yake, na kuyapandisha tena ni dhahabu upya. Majengo ya zamani yanapoteza bonasi za ujirani, yaani faida zinazotokana na vilivyo kando yake. Huko ni kuanza gemu la pili juu ya ramani ya gemu la kwanza. Na aliyelala anasogezwa karibu na aliyejenga kwa akili. Hilo ndilo linaloniudhi.

Mchangiaji wa 3:
Sehemu kubwa ya hasara hiyo inaepukika ukijua nini kinavuka na nini hakivuki.

Makamanda wanavuka pamoja na ujuzi wao wote, na idadi ya vikosi vinavyovuka inategemea nafasi za kubebea vikosi walizonazo makamanda hao. Kila mmoja huanza na nafasi nne. Kwa hiyo mwisho wa enzi, dhahabu ya kununua askari wa ziada ni bora iende kwa kamanda mwingine. Maghala kama ghala la nafaka na kiwanda cha matofali hayazeeki, yaani hayapotezi nguvu enzi ikibadilika, na maajabu (majengo makubwa ya kipekee) pia. Maktaba inazeeka, lakini eneo lake halipotei, maana jengo la enzi mpya unalijenga juu ya lile la zamani. Ndiyo maana eneo ndilo la kufikiria tangu zamu za mwanzo: majengo ya sayansi na ya uzalishaji yakae kando ya rasilimali, ya dhahabu na chakula kando ya pwani au mto unaopitika kwa meli, ya utamaduni na furaha kando ya milima. Ajabu moja likikaa katikati linayanufaisha yote yaliyolizunguka.

Kuhusu majiji kushushwa, kamilisha njia ya uchumi (malengo ya uchumi) ya Enzi ya Kale, yaani rasilimali 20 zilizogawiwa makazi yako, kisha uchague zawadi ya enzi ya dhahabu. Majiji yanabaki majiji. Wengi wanakwama kwa sababu wanakimbilia kuongeza makazi. Ukivuka kikomo cha makazi, kila makazi ya ziada yanakula furaha ya milki nzima, na furaha ikishuka chini ya sifuri uzalishaji nao unafuata.

Mchangiaji wa 2:
Maelezo mazuri, nashukuru. Lakini hayo uliyoyaandika gemu lenyewe linayaeleza wapi? Lilipotoka, skrini haikukuonesha kwa uwazi jengo lipi litazeeka. Hukuweza kubadili jina la jiji, hakukuwa na kitufe cha kuanza upya ramani ikiwa mbaya, na ramani kubwa kuliko ya kawaida haikuwapo. Kwa dola 70 za wakati huo mchezaji hakupaswa kuyatafuta haya kwa wenzake. Na Uingereza, nchi ambayo Enzi ya Kisasa haielezeki bila yake, ilikuja Machi 2025 kama nyongeza ya kulipia.

Mleta mada:
Hapo sibishi. La menyu ni kosa, na la Uingereza ni kosa kubwa zaidi.

Mchangiaji wa 4:
Mimi nakubali kubadili taifa, napinga njia walizochora. Walipoutambulisha mfumo huu mwaka 2024 mfano wao ulikuwa Misri, kisha Songhai, kisha Buganda. Songhai ilikaa kwenye bonde la mto Niger na Buganda iko kando ya ziwa Nyanza, zaidi ya kilomita 3,000 katikati. Kinachoziunganisha ni bara tu. Ulaya hawajaunganishwa kijumlajumla hivyo.

Buganda yenyewe imetendewa haki. Ziwa la Kabaka, lile lililochimbwa kwa mikono enzi za Kabaka Mwanga, limewekwa kama ujenzi wake wa pekee, na ajabu lake ni Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi iliyoungua Machi 2010. Aliyechagua hayo alisoma.

Pengo liko katikati. Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, ipo Enzi ya Kale na ina jahazi lake. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, ni kiongozi, na mwaka 1331 alifika Kilwa mwenyewe. Ila katika mataifa kumi ya mwanzo ya Enzi ya Uvumbuzi pwani ya Waswahili haikuwamo. Toleo la sita angalau lilikuwa na Kilwa Kisiwani kama ajabu, na Zanzibar kama dola-mji lililokupa karafuu na mdalasini.

Tena hakuna taifa ambalo lingekaa vizuri zaidi kwenye kanuni za enzi hiyo. Njia ya uchumi ni kusafirisha hazina kwa meli kutoka ng'ambo hadi bandari zako mpaka ufikishe pointi 30. Kilwa iliishi kwa dhahabu ya Sofala (Msumbiji ya leo) na ilipiga sarafu zake yenyewe. Ajabu lake lingekuwa Husuni Kubwa, kasri la sultani wa Kilwa. Hata misukosuko ambayo gemu huileta mwisho wa enzi tayari ipo kwenye historia: Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505. Aksum, kisha Kilwa, kisha Buganda: hiyo njia angalau ina bahari na misafara ya biashara ndani yake.

Mchangiaji wa 2:
Kwa njia hiyo, mkuu, hata mimi ningekubali kubadili taifa.