Kepteni mpya, ukungu uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) asubuhi: anaruka au anasubiri?

Wakuu, kepteni ana saa 40 tu kwenye aina hii ya ndege. Julai, saa 12 asubuhi, KIA mawingu yamelala chini. Viwango vya kuruka, yaani hali ya chini kabisa ya hewa inayoruhusiwa, vimetimia. Aondoke?

JIBU 1
Mkuu, viwango vya kuruka havimbani kwa ugeni wake. Vya kutua ndivyo vinavyombana. Chukua kanuni ya Marekani, 121.652: kepteni asiyefikisha saa 100 akiongoza aina hiyo anaongeza futi 100 kwenye kimo cha uamuzi (pale asipoona njia ya kutua, anapaa tena) na nusu maili kwenye umbali wa kuona. ILS (mawimbi ya redio yanayoongoza ndege kutua) ya futi 200 na nusu maili inakuwa futi 300 na maili 1. Sasa injini ikizima futi 400 juu ya ardhi, anarudi wapi?

JIBU 2
Hapo ndipo wengi wanateleza: wanapima kama wataweza kurudi kwa viwango vya kutua vya kwenye chati, si vyao vilivyoongezwa. Kama hawezi kurudi, aandike kwenye mpango wa safari uwanja mbadala wa kuruka, yaani pa kukimbilia tatizo likitokea baada ya kupaa. Kwa ndege ya injini mbili, uwe ndani ya saa 1 kwa mwendo wa injini moja, bila kuhesabu upepo. Nairobi inafaa, ila soma utabiri wake kwanza. Nao Julai hushikwa na mawingu.

JIBU 3
Na asiutegemee uwanja wa Arusha kisa uko jirani. Kule hakuna ILS, na mlima Meru huo hapo kaskazini, mita 4,500 na ushee. Asubiri, abiria wanywe chai.