Mjadala: Mwanza iwe na okestra yake, na Jiji lilipie?

Mtoa mada, Nyamagana

Wakuu, naleta hoja. Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela wachangie okestra ndogo ya kudumu: fidla, chelo, filimbi ya nai, zeze na ngoma, wapigaji wasiozidi 15, ukumbi wa mazoezi na mwalimu mwenye mshahara.

Najua nitaambiwa ni mambo ya Wazungu. Tutazame Zanzibar. Klabu ya taarabu ya Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa 1905 na bado inapiga. Muziki wenyewe uliingia kwa mlango wa ikulu: Sultani Barghash aliuleta kutoka Misri, na Mohamed Ibrahim akapelekwa Cairo kujifunza kanuni, ala ya nyuzi. Ulikuwa wa Kiarabu na wa wakubwa. Kisha watu wa kawaida wakauchukua. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, akauimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akarekodiwa Bombay. Leo nani anasema taarabu si yetu?

Na Kinshasa je? Mwaka 1994 Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi, alianzisha okestra ya waumini wa Kanisa la Kimbangu. Ala zilikuwa chache, wakawa wanapokezana. Uzi ukikatika, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Sasa wanapiga Beethoven na tungo zao wenyewe. Sisi Mwanza, jiji la pili kwa ukubwa nchini, tunashindwa nini?

Mkazi wa Kisesa

Mtoa mada, nakuheshimu, ila umevuka bahari ukaacha Bujora, kituo cha utamaduni wa Wasukuma hapa Kisesa, iko jirani tu, barabara ya Musoma. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu wameshindana tangu karne ya 19, kila upande na mtunzi wake, mganga wake na dawa yake ya mvuto. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Hakuna jaji mkali kuliko huyo! Wachezaji wa ngoma ya Bugobogobo wanarusha majembe kwa mapigo, Bayeye wanacheza na chatu. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliona thamani ya haya mapema, ndiyo maana tuna makumbusho ya Wasukuma na sherehe za Bulabo kila Juni.

Mtunzi wa ngoma anazeeka bila mwanafunzi, halafu fedha ziende kununua fidla?

Mwanakwaya, Ilemela

Mimi naunga mkono hoja. Kwaya za mji huu zimejaa vijana wanaosoma solfa vizuri kabisa. Wakimaliza ibada, hawana pa kwenda na ujuzi huo zaidi ya kinanda cha umeme. Wapeni ala za nyuzi.

Mtumishi mstaafu wa halmashauri

Vijana, tuongee fedha. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa na halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Okestra itarejesha kwa fedha gani, viingilio? Pia Kisesa ni Wilaya ya Magu, kwa hiyo Jiji haliwezi tu kupeleka fedha Bujora. Na mkumbuke chuo cha muziki cha Dhow Countries pale Zanzibar: kilianza 2002, kikafundisha vijana wengi, lakini 2019 kilikuwa karibu kufunga mlango kwa sababu wafadhili waliondoka.

Mtoa mada

Mzee wangu, shikamoo, na hapo umenipa nguvu. Mfadhili huondoka, wanachama hubaki. Nadi Ikhwan Safaa imevuka miaka 100 kwa sababu ni klabu: watu wana uanachama, wana mahali pa kukutana, wanapiga watu wanapowahitaji. Kwa hiyo siombi Jiji linunue ala. Naomba vitu viwili tu: chumba katika jengo la umma lisilotumika jioni, na mshahara wa mwalimu mmoja kwenye bajeti ya kawaida, si kwenye mkopo. Ala ziwe za wanachama.

Kuhusu ngoma, sikuziacha. Zeze na ngoma nimezitaja tangu mwanzo, na sitaki okestra isiyoweza kupiga wimbo wa Kisukuma mbele ya mama wa Kirumba akautambua.

Mkazi wa Kisesa

Kuzitaja si kuzilipa. Weka walimu wawili, wa pili awe mtunzi wa Bugobogobo, mshahara sawa na wa fidla, hata kama anatoka Magu na hana cheti. Ukiandika hivyo kwenye hoja itakayokwenda kwa madiwani, nasaini leo.